Hivi haya makumbusho ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yamewekwa kwa ajili ya nani?

Wadau salaam. Leo nimekasirika, mtanivumilia.

Tumetoka kusini alfajiri na gari la skuli, darasa la sita, wazee wamechangishwa nauli na kiingilio. Tukafika kwenye makumbusho moja hapo mjini (siyataji, wenyewe watajijua). Hata nusu saa haijatimia, watoto wako nje barazani wanakula ubuyu.

Na siwalaumu. Maelezo yote Kiingereza, herufi kama za karatasi ya dawa, na taa inapiga kwenye kioo mpaka unajiona sura yako badala ya kitu. Kilichoandikwa Kiswahili ni kimoja tu: USIGUSE.

Mtembezaji naye, lilipoingia kundi la Waitaliano akatuacha katikati ya chumba. "Mwalimu endeleeni tu, kila kitu kimeandikwa." Kimeandikwa kwa lugha ya nani, kaka?

Kilichoniuma zaidi ni mtepe, chombo cha baharini cha zamani. Kimo kielelezo chake kabatini, maelezo mistari miwili, basi. Chombo kizima kimeshonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, hakina msumari hata mmoja, tanga lake mkeka! Na watoto wangu ni wa Paje na Jambiani. Bibi zao mpaka leo wanafukia makumbi pwani, wanayafukua baada ya miezi, wanayaponda, wanasokota kamba. Yaani wanaojua habari hii walikuwa wamesimama mbele ya kabati, na hakuna aliyewauliza kitu. Wekeni mbao mbili zilizotobolewa, kamba, na suali moja ukutani: utazishonaje maji yasiingie? Muone kama watakimbilia ubuyu.

Msinijie na hadithi ya bajeti. Sijaomba skrini za kugusa, zile zikiharibika ndiyo basi tena. Nimeomba kamba.

Wala msiniambie nisubiri makumbusho ya Beit al Ajaib. Jengo la 1883, likaporomoka upande Disemba 2020. Likisimama tena na makabati yaleyale, tutakuwa tumepata nini? Kabla ya kuchapisha maelezo, yaandikeni kwanza kwa kalamu kwenye karatasi, waiteni watoto wa skuli wapite, mtu akae pembeni aangalie wanasimama wapi na wapi wanapita moja kwa moja. Kazi ya asubuhi moja hiyo.

Kuna aliyepeleka wanafunzi mahali karibuni wakatoka wanauliza masuali? Aseme ni wapi. Muhula ujao nina darasa la tano, na wazee sitowachangisha tena kwa upuuzi huu.