Re: N-400 ya mama, mtihani upi? (na swali la Eisenhower)

Kutoka: Binti Pangani, Silver Spring

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba msaada maana tangu jana sijalala. N-400 ya mama, ile fomu ya kuomba uraia wa Marekani, tuliituma kwa posta kabla ya tarehe 20 Oktoba 2025, ile siku mtihani wa uraia ulipobadilika. Bahasha nzima ikarudishwa, eti ukurasa wa mwisho hauna sahihi, na mimi nakala niliyobaki nayo sahihi ya mama naiona kwa macho yangu. Tukatuma tena, sasa I-797C, ile risiti ya uhamiaji, ina tarehe ya Novemba. Barua ya intavyu imefika, haisemi ni mtihani upi. Nikipiga simu naongea na mashine na mashine inanirudisha nilikotoka.

Mama ana miaka 61, grinkadi miaka 17, kwa hiyo yuko 55/15, yaani miaka 55 na grinkadi miaka 15. Yale maswali 100 ya zamani anayo kama Alhamdu, tumekaa nayo mezani kila baada ya Isha. Sasa ndio nimwambie ni 128, na badala ya kuulizwa 10 apate 6 ataulizwa 20 apate 12? Hata lile la Eisenhower limebadilika. Zamani walikuuliza kabla hajawa rais alikuwa jenerali, katika vita gani, unasema Vita Kuu ya Pili umemaliza. La siku hizi linasema anajulikana kwa mambo mengi, taja moja. Mama kaniuliza, huyu mtu ni nani hasa mpaka wasimwache? Mwenye kesi kama yetu aniambie, wanahesabu tarehe ya kwanza au ya pili?

Kutoka: Mzee wa Baltimore

Marahaba mwanangu. Mwambie mama asihangaike, wazee wanasoma maswali 20 tu. Mke wangu alifanya kwa Kiswahili, hata chai niliyomnunulia ilikuwa bado ya moto alipotoka.

Kutoka: Dada wa Columbus

Mzee heshima yako, lakini tusome kabla ya kujibu. Hiyo ya maswali 20 ni 65/20, miaka 65 NA grinkadi miaka 20, vyote viwili. Binti ameandika mama yuko 55/15. Hiyo inamwondolea Kiingereza, maswali haimwondolei hata moja. Anasoma yote, anajibu kwa Kiswahili, na mkalimani anakwenda naye. Akikosa siku hiyo anaitwa tena ndani ya siku 60 hadi 90 kurudia ile sehemu aliyokosa, sio mwisho wa dunia. Na mnaotuma kwa posta sasa hivi, cheki hazipokelewi tangu mwisho wa Oktoba 2025, ni fomu G-1450 ya kadi au G-1650 ya akaunti ya benki. Ya shemeji yangu ilirudishwa kwa sababu ya cheki, $760 imekaa kwenye bahasha inazunguka nchi nzima.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Alexandria

La tarehe wenye ujuzi watajibu. Mimi nakwambia binti yangu, wewe uko Silver Spring, usimkaririshe mama jina la Eisenhower, mpeleke akamwone kwenye mnara wake wa kumbukumbu hapa Washington. Kila Jumapili watu wanaenda kwa Lincoln kupiga picha na kwa huyu hawafiki. Panda treni ya Red Line, badilisha Gallery Place, shuka L'Enfant Plaza, ni kutembea kidogo. Iko Independence Avenue, kusini ya jumba la makumbusho la ndege, mbele ya jengo la wizara ya elimu lililopewa jina la Johnson.

Utakuta uwanja wazi wa kama eka nne na nguzo nene ndefu, na nyuma yake limetandazwa pazia la chuma, nyaya za chuma zimefumwa kama msusi afumavyo ukili. Ni picha ya miamba ya Pointe du Hoc kule Normandy, pale Wamarekani walipopanda kwa kamba tarehe 6 Juni 1944. Mchana wa jua kali hulioni vizuri, nendeni jioni taa zikiwaka. Mbele yake kuna sanamu za shaba. Upande mmoja jenerali anazungumza na askari wa miavuli usiku wa kuamkia vita, askari wenyewe vijana watupu, mizigo imewajaa mwilini, yeye mkono uko hewani anawaeleza jambo. Upande wa pili ni rais na washauri wake, nyuma yao ramani ya dunia. Halafu pembeni kijana mmoja ameketi ukutani anawatazama wote, ndiye yeye mwenyewe enzi za Abilene, Kansas. Mama akisimama hapo majibu ya lile swali jipya anayo: jenerali wa Vita Kuu ya Pili, rais wa 34, rais wakati Vita vya Korea vinaisha. Na zile barabara kuu za huku, 495 na 95 zote, ni matunda ya sheria aliyotia sahihi mwaka 1956. Hilo nalo ni jibu.

Kutoka: Mwana wa Likoni, New Jersey

Hiyo si ndiyo ile ya farasi na simba mbele ya Bunge? Nimeipita sana.

Kutoka: Kaka Mkubwa, Alexandria

Hapana. Ya farasi na simba ni Grant, huyo ni wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka 80 nyuma. Naye alikuwa jenerali akawa rais, na kaburi lake liko huko kwenu upande wa New York. Ukimwambia afisa Grant alipigana Normandy utarudi nyumbani na barua nyingine. Ya Eisenhower imefunguliwa Septemba 2020 tu, katikati ya korona. Bunge liliunda tume mwaka 1999, msanifu majengo Frank Gehry akachora, wajukuu wa Eisenhower wakakataa mchoro wake wakavutana miaka, mpaka James Baker, waziri wa nje wa zamani, akawapatanisha mwaka 2016, pazia likatoka Kansas likahamia Normandy. Dola karibu milioni 150.

Kutoka: Mtoto wa Katanga, Dallas

Bandugu, muniache niseme. Mimi ni mutu wa Lubumbashi, baba alikuwa anafanya kazi ku Union Minière, ile kampuni ya migodi. Munaandika pazia, munaandika barabara, ni vizuri. Lakini kwetu ile jina iko na maneno mengine. Lumumba, waziri mukuu wetu wa kwanza, alifika Washington mwezi wa 7, 1960, Congo haijamaliza hata mwezi moja na uhuru. Eisenhower hakuonana naye, alimuachia Herter, waziri wake wa mambo ya inje. Mwezi wa 9 CIA, majasusi ya Amerika, ikatuma sumu ya kumuua ku Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa kwetu Katanga, na siku ile ile Eisenhower alikuwa ku televisheni anaaga Wamarekani, anawaonya juu ya nguvu ya jeshi na wenye viwanda vya silaha. Siku ile ile! Mimi nilifanya mtihani, nilijibu "Vita Kuu ya Pili", nikaapa. Lakini watoto yangu nimewaambia yote mbili. Ile ramani ya dunia nyuma ya rais, na Congo iko ndani yake.

Kutoka: Mhadhiri Mstaafu, Ottawa

Ndugu wa Katanga nakuunga mkono, ila tuwe waangalifu maana vijana wanasoma hapa. Sumu haikutumika. Lumumba alipigwa risasi na Wakatanga, mawaziri wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, wakitazama, maafisa wa Kibelgiji wakiwa pale pale. Kamati ya Seneti ya mwaka 1975 ilisema ushahidi unaruhusu kudhani kuwa mpango wa kumuua uliidhinishwa na Eisenhower, haikusema imethibitika.

Kutoka: Mtoto wa Katanga, Dallas

Mwalimu, najua nani alipiga risasi. Ubelgiji ilirudisha jino moja mwaka 2022. Jino! Ndiyo mwili tuliyozika. Mutu anayetuma sumu na mutu anayepiga risasi, mimi nawaweka ku mustari moja.

Kutoka: Mwana wa Likoni, New Jersey

Pole sana ndugu. Sisi Wakenya pia tuna letu. Tom Mboya alipotafuta ndege za kuleta wanafunzi wetu Marekani mwaka 1960 serikali ya Eisenhower ilikataa kulipa, ikabidi familia ya Kennedy itoe dola 100,000. Ndio maana kwa marehemu nyanya picha ya Kennedy ilikuwa ukutani karibu na ya Mzee Kenyatta, chini yake redio na kitambaa cha mshono wa mkono. Huku nikisikia harufu ya mahamri tu nauona ule ukuta.

Kutoka: Binti Pangani, Silver Spring

Jamani nawashukuru, nimesoma yote na mama nimemsomea. Ya Lumumba alikuwa anayajua kuliko mimi, baba yake aliyasikia redioni Tanga. Lakini tarehe? Ya kwanza au ya pili?

Kutoka: Dada wa Columbus

Fomu ikirudishwa ile tarehe inakufa, inahesabiwa ya kwenye I-797C. Ndivyo wakili alivyotwambia kwa shemeji.

Kutoka: Mzee wa Baltimore

Mimi nimesikia ukiwa na risiti ya posta yenye muhuri unaweza kubishana. Asiitupe.

Kutoka: Mama wa Mtaa wa Pili, Minneapolis

Samahani naingilia. Baba yangu kumbukumbu zimepungua, maswali hata 20 hawezi. N-648, ile fomu ya kuombewa msamaha wa mtihani kwa ugonjwa, daktari wa kawaida anaijaza au mpaka bingwa? Wetu kaikataa, anasema ina kurasa nyingi.