Naomba ushauri: sisi wakata mikoko wa Lamu tuiambie nini serikali kuhusu misitu ya dunia?

katibu_wa_pate
Assalaam aleikum wanabaraza. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakata mikoko upande wa Pate. Wiki ijayo kuna kikao cha kutoa maoni kuhusu sera ya misitu na wazee wamenitwika mimi kalamu. Kurasa mbili tu. Swali tulilopewa ni hili: sera ya taifa isaidie vipi kupunguza ukataji wa misitu duniani? Duniani, jamani, si Lamu.

Wazee wamecheka. Mmoja kaniuliza korija zetu za boriti, yaani mafungu ya nguzo ishirini ishirini za mikoko, na msitu wa Amazon zimejuana wapi. Wanataka niandike neno moja tu, kwamba marufuku ya kukata miti ya 2018 isirudi tena. Nami naona tukisema hilo peke yake tutaonekana tunalilia tumbo. Nisaidieni: nchi gani imefaulu, na ilifanyaje? Na sisi tunaingilia wapi?

fundi_dari
Waleikum salaam. Zimejuana, mwambie mzee. Marufuku ilipoingia watu hawakuacha kujenga. Dari ya nyumba ya mawe hapa Mkomani, mtaa wa Lamu mjini, inataka boriti, na ikikosekana mwenye nyumba anatia mbao za duka. Uliza dukani mbao zimetoka wapi, utaambiwa Tanzania, au Kongo. Msitu wa huku umepumzika, wa kule unaliwa. Anza na hapo.

msitu_na_vitabu (Malindi)
Katibu, fundi amekupa kichwa cha barua. Nikuongezee ushahidi.

Thailand ilipata mafuriko mabaya mwishoni mwa 1988. Magogo yaliteremka milimani pamoja na matope yakafunika vijiji, na mapema 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji katika misitu ya asili. Viwanda vya mbao havikufungwa. Vilivuka mpaka kutafuta magogo Burma na Laos. Kwenye daftari za Thailand mambo yalikuwa mazuri, lakini dunia haikupata nafuu kubwa hivyo.

Sasa tazama Brazili. Mwaka 2004 Amazon yao ilipoteza karibu kilomita za mraba 28,000 kwa mwaka mmoja. Kufika 2012 ilikuwa chini ya 5,000. Walitumia setilaiti kuona pori linapofyekwa mapema, wakaguzi wakafika shamba likiwa bado bichi. Ila mimi nasifu zaidi lile la benki: kuanzia 2008, mkulima wa ukanda wa Amazon asiye na karatasi safi za ardhi na mazingira hakupewa mkopo wa kilimo. Humkimbizi mtu porini na bunduki, unamfungia hela mjini. Baadaye usimamizi ulilegea, na 2021 ukataji ukapanda kupita kilomita 13,000. Serikali ilipobadilika ukashuka tena, 2023 ukawa kama 9,000. Msitu ni uleule, kilichobadilika ni sera.

Kosta Rika nayo, kwa sheria ya 1996, ilikataza kugeuza msitu kuwa shamba, na papo hapo ikaanza kumlipa mwenye ardhi anayeuacha msitu usimame. Fedha zilitoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Kukataza na kulipa ndani ya sheria moja! Huku kwetu tunapata nusu ya kwanza tu.

chombo_cha_mbao
Maneno matamu. Lakini ilipojengwa bandari hapa Lamu, mikoko iliyoondoka ilikatwa na kina nani? Mahakama Kuu yenyewe 2018 ilisema wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Anayekata fito kwa shoka anaombwa kibali, mwenye mtambo anakuja na ramani.

katibu_wa_pate
Hilo wazee watalipenda, naliweka. Ila @msitu_na_vitabu, sisi hatutaki kulipwa kukaa. Msitu wa mikoko ukikatwa kwa kuchagua unaota tena. Tunangoja bamvua, maji makubwa ya mwezi, mashua inaingia ndani ya mkondo, tunachagua unene wa boriti, mapau, yale membamba, tunayaacha yakue, tunatoka na maji. Anayefyeka pahali peupe si mkataji, ni mwizi.

msitu_na_vitabu
Basi liandike hivyohivyo, na mashua yako na bamvua yako. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kusimamia msitu kwa mkataba na serikali. Ombeni mkataba wenye kipimo cha mwaka na haki ya nyinyi kumshitaki mvamizi. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hamwendi pale kama ombaomba.

binti_gede
Mimi niko ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi. Watu wengi huku walitaka msitu ule ukatwe wapate mashamba. Mradi wa vipepeo ulipoanza 1993, familia zikawa zinafuga viwavi na kuwauza nje ya nchi wakishajifunga, kabla hawajawa vipepeo, na kelele zikapungua. Hazikwisha, tusidanganyane, kipepeo halishi kijiji kizima.

Lakini kaka katibu, mbona hakuna aliyetaja jikoni? Gesi ya kupikia iliondolewa kodi 2016, ikarudishiwa 2021, ikaondolewa tena 2023. Mama wa watoto akizoea mtungi, siku bei inapanda anarudi kwenye gunia la makaa. Hiyo pia ni sera ya misitu, ijapokuwa iko kwenye bajeti. Na mafuta tunayokaangia mahamri je? Ni mawese, mengi yanatoka Indonesia na Malaysia, ambako misitu mingi imefyekwa kupanda michikichi. Ulaya walipitisha sheria 2023 ya kukataa mawese, kahawa, kakao, mbao na vinginevyo vilivyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa baada ya 2020, ingawa utekelezaji waliuahirisha. Kenya inaagiza mawese kwa meli nzima nzima. Haiulizi chochote.

fundi_dari
Dada umemaliza. Mbao za duka nazo ziulizwe hivyohivyo.

katibu_wa_pate
Nimepata. Ukurasa wa kwanza: mbao na mawese yanayoingia nchini yaulizwe yametoka wapi, na kodi ya gesi isichezewe kila bajeti. Wa pili: mkataba wetu, na marufuku isitangazwe bila kusema mjenzi atumie nini na mkataji ale nini. Bandari nitaichomeka katikati.

chombo_cha_mbao
Na tanuri za chokaa? Zile zinachoma mikoko kuliko dari zote za Mkomani.

katibu_wa_pate
Mwenye tanuri ni ami yangu, na ndiye mweka hazina wa kikundi.

binti_gede
Basi msomee rasimu kabla hujaipeleka. Na chukua nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea urudi nayo.