Mvinyo wa Dodoma: mbona wa masika mkali hivi?

Kijana_Dar: Wadau, mwezi wa tano nilinunua mvinyo mwekundu kwa mkulima Hombolo, ukawa mkali kama ukwaju. Wa Krismasi, kwake huyohuyo, mtamu balaa. Kabadilisha pipa?

MamaZabibu: Pipa ni lilelile mwanangu, mvua ndiyo imekuponza. Huku tunavuna mara mbili: Februari hadi Machi, tena Agosti hadi Septemba. Masika zabibu inanyonya maji, sukari inashuka, na ubwiri, ule ukungu wa mizabibu, unaingia. Machi iliyopita nilimwaga ndoo sita, nikakaa chini kabisa. Kiangazi ukikamua, vidole vinanatana kwa sukari; ndiyo ule wako wa Krismasi. Halafu wa mwezi wa tano ulikuwa mchanga bado! Mimi maji ya zabibu yakichachuka naamka hata saa nane usiku kuzamisha maganda yanayoelea. Povu linanukia mkate. Mume wangu anasema nimeolewa na pipa.

Mgogo_Halisi: Haha, shikamoo mama. Pole ya ndoo.

Kijana_Dar: Sasa huu niumwage?

MamaZabibu: Marahaba. Usimwage! Upoze, unywe na mbuzi choma yenye mafuta. Ule mtamu utunze hadi Julai, upepo wetu ukianza kuuma masikio.