Nimepiga 94, aliyepiga 101 kachukua kikombe. Handikapu ya gofu inahesabiwaje?

MwanaBangwe

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, kazi yangu ni makaratasi ya mizigo inayovuka ziwa kwenda Bujumbura na Kalemie. Mwaka huu ofisi ilinipeleka Dar miezi mitatu, bosi wa huko akaniingiza kwenye gofu. Msicheke, nimeupenda mchezo.

Wiki ya mwisho kukawa na mashindano ya ofisi na wateja. Gofu mwenye mikwaju michache ndiye bora, na mimi nilipiga 94, sijawahi kupiga vizuri hivyo. Mzee mmoja wa upande wa malori kapiga 101. Kufika kwenye zawadi, kikombe na jiko la gesi vikaenda kwake. Eti neti yake, yaani mikwaju baada ya kupunguziwa handikapu, ni 70, yangu 72. Kanizidi mikwaju 7, halafu mimi ndiye wa pili!

Sina ugomvi na mzee, nina ugomvi na hesabu. Kabla ya siku hiyo nilikuwa na kadi tatu: 103, 97 na 99. Hiyo 103 ina shimo moja la balaa, linalotakiwa kumalizwa kwa mikwaju 4, mimi nikapiga 11, mpira uliingia majini mara mbili. Wastani wa kadi zote unakaribia 100. Uwanja mzima, mashimo 18, ni wa mikwaju 72. 100 toa 72 ni 28. Basi ningepunguziwa 28, neti yangu ingekuwa 66 na jiko lingekuwa kwa mama watoto. Wao wameniandikia handikapu 22.7, na siku yenyewe wakanipunguzia 22. Desimali imetoka wapi? Na ile 0.7 imeenda wapi? Kwenye kadi kuna reitingi 70.6 na slopu 121. Mzee ubaoni alikuwa 32.0.

Goli_Moja

Handikapu si ndiyo kilema kwa Kiingereza? Kumbe kuna mchezo watu wanagombania kuandikiwa kilema kikubwa 😂 Mkuu rudi kwenye soka tukutane uwanja wa Lake Tanganyika, Mashujaa wakishinda 1-0 ni 1-0, hakuna wa kukupunguzia.

Kedi_Mstaafu

MwanaBangwe, nimekuwa kedi, nikibeba mifuko ya wacheza gofu Dar miaka 9 kabla sijarudi nyumbani kufanya dagaa hapa Kibirizi. Hayo malalamiko yako nimeyasikia kwenye kila mashindano, na karibu kila mara mlalamikaji amekosea pale pale ulipokosea wewe. Handikapu siyo wastani wako. Ni kipimo cha unachoweza siku ukiwa vizuri.

Wewe ni mtu wa ziwani, utanielewa. Ukitaka kujua uwezo wa mtumbwi wa dagaa, unachukua mapato ya mwezi mzima unagawanya? Hapana. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawaji kwenye taa, na hilo si kosa la mtumbwi. Unaangalia usiku wa giza. Gofu nao wanafanya hivyo. Mfumo wa sasa ulianza 2020, ukaunganisha mifumo sita iliyokuwa ikitumika nchi mbalimbali. Unachukua raundi zako 20 za karibuni, unachagua 8 bora, wastani wa hizo 8 ndiyo handikapu. Zile 12 nyingine ni mbalamwezi.

Sasa kadi zako. Kwanza, ile 11 haihesabiwi yote. Asiye na handikapu bado, shimo la mikwaju 4 linaishia 9, yaani idadi ya shimo jumlisha 5. Kwa hiyo 103 yako kwenye mfumo ni 101.

Pili, hawalinganishi na 72. Wanalinganisha na reitingi, ambayo ni mikwaju anayotarajiwa kupiga fundi wa handikapu sifuri kwenye uwanja huo. Wako ni 70.6, yaani fundi anatarajiwa kupiga chini ya 72.

Slopu ndiyo inayowasumbua wengi. Chukua wapiga kasia wawili, mzoefu na mgeni. Ziwa likitulia mgeni anaachwa kidogo. Upepo ukivuma wote wanachelewa, ila mgeni anachelewa zaidi sana. Slopu inapima huo upepo: uwanja unamwadhibu mgeni kuliko fundi kwa kiasi gani. Inaanzia 55 hadi 155, na uwanja wa kawaida ni 113. Wako wa 121 una mawimbi kidogo.

Hesabu: mikwaju yako toa reitingi, zidisha kwa 113, gawa kwa slopu. Kadi ya 97: unabaki na 26.4, ukizidisha na kugawa ni 24.7. Ya 99 ni 26.5. Ya 101 ni 28.4. Mwenye kadi tatu tu hawachukui wastani, wanachukua iliyo bora kisha wanatoa 2.0, kwa sababu bado hawajui mwisho wa uwezo wako. 24.7 toa 2.0 ni 22.7. Desimali yako hiyo.

Hiyo 22.7 unatembea nayo viwanja vyote, ila ukifika kwenye uwanja inageuzwa. 22.7 mara 121 gawa kwa 113 ni 24.3. Jumlisha tofauti ya reitingi na 72. Hapa reitingi ni ndogo, kwa hiyo unatoa 1.4, inabaki 22.9. Mashindano ya mtu mmoja mmoja ya kuhesabu mikwaju huwa mnapewa asilimia 95 yake. Inakuja 21.8, ikakamilishwa kuwa 22. Fanya hivyo hivyo kwa 32.0 ya mzee, utapata 31. 101 toa 31 ni 70. Hakuna aliyekuibia.

Mama_Mgebuka

Kaka hesabu nimeielewa, nimeuza samaki kwa mizani miaka mingi. Ila mtu akificha kadi zake nzuri ili abaki na 32? Mzee wa malori huyo simwamini hata kidogo 🤣

Kedi_Mstaafu

Dada yangu, wapo wa hivyo na sisi makedi tulikuwa tunawajua kwa majina. Kuna breki lakini. Ukicheza raundi iliyo bora kuliko handikapu yako kwa 7.0 au zaidi, unakatwa 1 papo hapo. Ikifika 10.0 unakatwa 2. Tumpime mzee: 101 yake kwa ile hesabu ya reitingi na slopu ni 28.4, handikapu 32.0, kajizidi kwa 3.6. Siku nzuri ya kawaida. Angepiga 97 ndipo breki ingeshika.

Na MwanaBangwe, 94 yako ni 21.9. Umejizidi kwa 0.8 tu. Ulicheza unavyoweza, mzee akacheza kuliko anavyoweza. Hapo ndipo jiko liliposhindwa kufika Bangwe.

Jambo jingine, usikasirike. Kadi ya nne ikiingia, wanachukua bora na kutoa 1.0. 21.9 toa 1.0, sasa wewe ni 20.9.

MwanaBangwe

Yaani nimekosa kikombe NA nimekatwa?

Shukrani sana kaka, nimeirudia kwa kikokotoo, namba zote zinakuja. Swali la mwisho. Huku napiga mipira kwenye nyasi nyuma ya nyumba, nimechimba mashimo matatu. Siwezi kuandika hizo? Dar nitakwenda siku mbili tu mwezi ujao, sidhani kama nitapata nafasi ya kucheza 18.

Kedi_Mstaafu

Mashimo ya nyuma ya nyumba hayana reitingi wala slopu, hayaingii. Lazima uwe uwanja uliopimwa, ucheze na mtu, kadi ithibitishwe. Lakini mashimo 9 yanatosha. Tangu 2024 kadi ya 9 haingojei nyingine ya 9 ije kuikamilisha. Mfumo unakadiria nusu ya pili kutokana na handikapu yako na inaingia siku hiyo hiyo.

Na usiogope kupiga vibaya. Ukiwa na kadi tano wanachukua iliyo bora bila kutoa kitu. Hata ukiharibu kabisa, 94 yako ndiyo itakayosimama na utarudi 21.9.

Mama_Mgebuka

Kwa hiyo akiharibu anapanda. Mzee wa malori alishajua hilo zamani.