Kwa nini qinghao ilikamuliwa badala ya kuchemshwa?

Mkwinini
Wakuu, dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria imetokana na jani la Kichina, qinghao. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliacha maagizo mafupi sana: konzi moja ya qinghao, maji sheng mbili, loweka, kamua, kunywa yote. Sheng ya zama zake ilikuwa kama mililita 200, kwa hiyo ni chini kidogo ya nusu lita. Kinachonitatiza ni kwamba dawa nyingi za miti shamba za Wachina huchemshwa. Hii mbona haikuchemshwa? Na je, jina hilo ni la mmea mmoja tangu mwanzo?

MajaniNaMizizi
Mkuu, tuanze na mmea, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Jina qinghao ni la zamani kuliko matumizi yake kwa malaria. Hati za hariri zilizofukuliwa Mawangdui, China, kwenye kaburi la mwaka 168 KK, zinaitaja kama dawa ya bawasiri. Ge Hong, karibu mwaka 340, ndiye aliyeileta kwenye homa za vipindi, yaani za aina ya malaria, na tabibu Li Shizhen akaitaja tena kwa homa hizo mwaka 1596. Lakini jina hilo limebebwa na mimea zaidi ya mmoja, hasa Artemisia annua na ndugu yake Artemisia apiacea. Yenye artemisinini, kile kiini kinachoua vimelea vya malaria, ni annua. Ukikosea jani, kamua mpaka kesho, hupati kitu.

Sasa kukamua. Mradi 523, mradi wa siri wa China wa kutafuta dawa ya malaria, ulianza tarehe 23 Mei 1967, malaria ilipokuwa ikiwamaliza askari wa Vietnam Kaskazini. Mtafiti Mchina Tu Youyou aliingia 1969, na kikundi chake kikapima dondoo zaidi ya 380 za mimea ipatayo 200. Qinghao ilizuia vimelea kwa asilimia 68 katika panya, kisha majaribio ya kurudia yakaanguka hadi kati ya 12 na 40. Aliporudi kwenye maandishi ya Ge Hong akakiona kitenzi: kamua. Akahisi joto ndilo linaloharibu dawa, akaacha joto kali, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwa nyuzi 35 tu. Dondoo ile akaigawa sehemu mbili: sehemu yenye asidi ilikuwa na sumu na haikutibu, akaitupa, akabaki na ile isiyo na asidi. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilifagia vimelea vyote. Fuwele safi zikapatikana Novemba 1972, na Tuzo ya Nobel ikaja 2015.

Mkamuaji
Yote sawa, ila joto lisibebeshwe lawama peke yake. Fuwele safi za artemisinini ni ngumu, huyeyuka kwa nyuzi 156 hivi. Tatizo kubwa zaidi ni maji yenyewe: kiini hiki hupenda mafuta, kwenye maji huyeyuka kidogo mno. Kimehifadhiwa kwenye vijifuko vidogo vya mafuta juu ya jani. Ukitwanga na kukamua kwa nguvu, vijifuko hupasuka na mafuta hutoka pamoja na maji, ndiyo maana maji yake huwa na ukungu. Ukimwagia tu maji ya moto, sehemu ya kiini inaweza kubaki kwenye makapi. Etha ilifanya vizuri kwa sababu hiyohiyo.

Wakati wa kuvuna nao una uzito wake. Ni majani, si mashina, na yavunwe kabla tu mmea haujachanua. Mmea wa porini mara nyingi hauna hata asilimia 0.5 ya kiini.

Mkwinini
Basi chai ya majani makavu ina thamani gani? Na pakanga yetu ya milimani je?

MajaniNaMizizi
Pakanga ya milimani ni Artemisia afra. Ni dawa ya kikohozi na tumbo tangu zamani, lakini artemisinini haina.

Chai ya annua imepimwa: gramu 9 za majani makavu kwenye lita moja ya maji moto zilitoa miligramu 94 hivi za artemisinini, wakati dozi moja ya kiini safi kwa mtu mzima ilikuwa 500. Tena kiini hiki hakikai mwilini. Baada ya saa mbili tatu nusu yake imekwisha. Homa inashuka, mgonjwa anadhani amepona, vimelea vilivyosalia vinazaana upya, na hivyo ndivyo usugu wa vimelea kwa dawa unavyolelewa. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hiyo, wala kuitibu malaria kwa artemisinini peke yake.

Mkamuaji
Ndiyo sababu ya mseto. Kidonge cha kawaida kina artemeta, dawa itokanayo na artemisinini, miligramu 20, na dawa nyingine, lumefantrini, miligramu 120. Artemeta inapunguza vimelea kwa kasi, lumefantrini inabaki mwilini siku kadhaa kumalizia. Mtu mzima humeza vidonge 4 mara 6: mwanzo, saa ya 8, kisha saa ya 24, 36, 48 na 60. Na vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo lumefantrini hupita tumboni bila kufyonzwa vya kutosha.