Kwa nini treni inasimama stesheni ndogo hata kama hashuki mtu?

Mjukuu wa Makambako
Kamwene wakuu. Bibi yangu mzaa mama yuko kijijini huko chini ukitoka Makambako kwenda Mlimba, stesheni yao ni kajengo kamoja tu na miembe, treni ikiingia kinamama wanakimbilia madirishani na mabeseni ya ndizi. Sasa mwanangu kaniuliza mbona treni inasimama pale hata kama hakuna wa kushuka wala kupanda, nikakosa jibu. Na kingine, kijiji kilikuwepo kabla ya reli au? Maana bibi huwa anasema kwao hasa siyo pale.

Fundi Njia
Mkuu TAZARA, hiyo reli ya Tanzania na Zambia, ni njia moja tu toka Dar mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, kwa hiyo treni zikikutana lazima moja iingie njia ya pembeni isubiri mwenzie apite, na hiyo njia ya pembeni iko stesheni. Ndo maana unakuta stesheni katikati ya pori hakuna hata nyumba. Na kipande hicho cha Mlimba–Makambako ndo kigumu kuliko vyote, mlima mtupu, mahandaki 18, huwezi kupishana popote unapojisikia.

Mzee wa Mufindi
Mdogo wangu bibi yako yuko sahihi kabisa, kijiji ndo kilifuata reli. Ujenzi ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976, na miaka hiyohiyo ndo kulikuwa na Operesheni Vijiji, serikali inahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, basi watu wengi wakatolewa milimani wakaletwa karibu na reli, walime pale na wasaidie kuilinda. Sisi tuliacha mashamba, tuliacha na makaburi ya wazee. Ila baadaye wengine walikuja wenyewe kwa hiari, walishaona treni inalipa. Ile treni fupi tulikuwa tunaiita kipisi, ilikuwa inasimama kila mahali.

Mama Mchele
Umenikumbusha mbali sana mzee wangu, shikamoo. Mimi nimesomeshwa na kipisi. Mama alikuwa anapanda na viazi na kabichi toka huku kwenye baridi anashusha Mlimba, anarudi na mchele na ndizi maana kule ni joto na mpunga unakubali, hela ya tofauti ndo ada yetu. Treni inakaa dakika chache tu kwa hiyo gunia linapitia dirishani, mmoja ndani anavuta mmoja chini anasukuma, na hata kama hamjuani mnasaidiana. Masika barabara ikikatika hakuna namna nyingine, mgonjwa treni, mjamzito treni. Sasa nasikia kuna mkataba wa miaka 30 na Wachina wa kuifufua reli, dola bilioni 1.4, nashukuru sana, lakini kila nikisoma ni shaba na mizigo ya bandari. Naomba wanaohusika wazikumbuke na hizi stesheni ndogo, kuna watu pale hawana njia nyingine.

Fundi Njia
Mama hapo umesema. Njia za kupishana zikifufuliwa zote na treni ya abiria inapata nafasi, ni kitu kilekile.

Mjukuu wa Makambako
Ndaga fijo, asanteni wote. Hayo ya makaburi bibi hajawahi kunieleza. Mwezi ujao nashuka na mwanangu, nitamwomba atuonyeshe kwa kidole ni mlima upi walitoka.