Wakuu, "sugar" imetokana na "sukari" yetu, sivyo? Nahitaji jibu haraka

Mpwapwa_Mjini: Habari za jioni wakuu. Waingereza si walilichukua "sukari" huku pwani wakaligeuza "sugar"? Naombeni uthibitisho, silali.

BibiChai: Sukari yenyewe siku hizi nani anaimudu? Mume wangu anatia vijiko vinne, nimeanza kuificha kwenye debe la unga.

Daktari wa Mtaa: Acheni sukari kabisa. Kisukari kinatumaliza.

Mzee Kamusi: Hapana, kijana. Kisanskriti walisema *sharkara*, maana yake changarawe. Ukiitazama sukari guru utaelewa kwa nini. Waajemi wakasema *shakar*, Waarabu *sukkar*. Hapo njia zikagawanyika: moja ikaja kwetu, nyingine ikapita Kilatini na Kifaransa, *sucre*, hadi Uingereza karne ya 13. Meli ya Mwingereza James Lancaster ilitia nanga Unguja 1591, neno wanalo zamani. Hayo maneno ni mtu na binamu yake.

Mpwapwa_Mjini: Binamu si ndugu? Basi sijakosea sana.

Mzee Kamusi: Mbona unang'ang'ania? Umefanya nini?

Mpwapwa_Mjini: Kuna fulana.

BibiChai: Ngapi?

Mpwapwa_Mjini: 60. Za Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai. "SUGAR NI SUKARI ILIYOIBWA." Hela ya kikundi. Ila watu hufurahia tu, nani atafungua kamusi?

Chumvi_Kiasi: Mimi ningenunua 😂

Daktari wa Mtaa: Hela ya kikundi ni amana, mdogo wangu.

Jicho_la_Tatu: Ngojeni. Mwaka jana si wewe uliyeleta "coffee" na "kahawa", ikawa kofia 40? Uzi ule ule. Weka picha ya fulana.

Mpwapwa_Mjini: Kamera ya simu imepasuka, mkuu.

Jicho_la_Tatu: Nilijua.

Chumvi_Kiasi: Hata kofia nilizitaka, hukujibu PM.

Mzee Kamusi: Za kweli au za kubuni, dawa ipo. Chapisha mgongoni "SAFARI". Hilo Waingereza walilichukua kwetu kweli, karne ya 19, ingawa sisi tulilitoa kwa Waarabu.

Mpwapwa_Mjini: Shukrani mzee wangu. Tatizo mgongoni pamejaa.

BibiChai: Pamejaa nini tena?

Mpwapwa_Mjini: Jina langu. Nagombea uenyekiti wa kikundi.